Miligramu Tisa za Upako

Kwa miaka ishirini na saba kazi yangu ilikuwa kukataa. Nilikaa mwisho wa laini katika kiwanda kimoja cha kupakia matunda mikebeni, Eneo la Viwanda Thika, taa kali juu ya kichwa, mikebe ikipita mbele yangu bila kupumzika. Uliobonyea, nje. Wenye unyevu kwenye mshono, nje. Wenye alama ya mafuta ya mashine, hata iwe ndogo kama kichwa cha pini, nje, na mkebe wa namna hiyo haufutwi ukarudishwa, unatupwa. Wenzangu waliniita Madam Kataa. Sikukasirika, jina hilo nililitolea jasho. Supavaisa mmoja aliwahi kunisihi nimpitishie kreti mbili tu ili lori liondoke mapema. Nikamwambia apitishe yeye, aandike na jina lake. Hakuandika.

Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeipaka setilaiti mafuta.

Setilaiti yenyewe ilikuwa ya binti yangu, Nyawira. Usifikirie yale masahani ya televisheni yaliyojaa juu ya paa za watu. Hii ni kijisanduku cha alumini, sentimita tano kila upande, kinaingia kwenye kikombe kikubwa cha chai. Ndani yake mna bodi nne zilizobebana, betri, redio, na kamera ndogo kama punje ya hindi. Kuna kampuni ng'ambo inayokusanya vijisanduku kama hivyo kutoka kwa watu mbalimbali, inavipanga vinane ndani ya bomba moja, inavipandisha na roketi na kuviachia huko juu vizunguke. Sharti lao la kwanza ni uzito: gramu mia mbili hamsini, basi. Chetu kilipopimwa mara ya kwanza kilikuwa mia mbili sitini na moja, na kwa wiki tatu Nyawira na mwenzake walikwangua alumini kama watu wanaokwangua ukoko.

Mwenzake ni Mehak, walisoma chuo pamoja. Baba yake ana karakana ya kuchonga vyuma hapo karibu na viwanda, na fremu yote ilichongwa huko. Nyawira alikuwa na kazi nzuri ya kukarabati mitambo ya minara ya simu. Akaiacha. Alikuwa amepanga chumba Ruiru, lakini vumbi la barabara ya bypass likamshinda, akaja kuninyang'anya chumba changu cha nyuma hapa Makongeni. Tulibandika nailoni ukutani hadi dari, tukaziba dirisha, tukaweka meza moja, na mimi nikapewa cheo: Msimamizi wa Usafi. Kilikuwa cheo cha kweli, jina langu lilikuwa kwenye makaratasi.

Nilikifanya kama nilivyofanya kiwandani. Neti ya nywele, glavu, barakoa. Hakuna losheni, hakuna manukato. Dada yangu alikuja kutoka Gatundu akinukia maua, akaongea nasi akiwa koridoni hadi akaondoka. Mehak naye alikuwa na bangili ya chuma, ile wanayovaa watu wa dini yake na hawaivui. Nikamwambia itakwaruza kitu.

"Anti, hii siwezi toa. Ni ya dini."

"Dini yako iache hapo mlangoni, utaikuta ukitoka."

Hakuivua. Aliifunga kwa tepu, akavuta glavu juu yake, akaniangalia tu. Nilijiona nimeshinda nusu.

Shida za kile kijisanduku hazikuisha. Antena yake ilikatwa kutoka kwa ule utepe wa chuma wa kupimia wa mafundi, unaokunjika na kujinyoosha wenyewe. Unazungushwa kwenye kijisanduku, unafungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, na dakika arobaini na tano baada ya kuachiliwa angani kidude kidogo kinapata moto, kinakata uzi, antena inafyatuka. Uzi usipokatika, redio haiiti nyumbani wala haisikiki, na kazi yote imekuwa jiwe linalozunguka dunia. Walijaribu ndani ya sufuria nene iliyonyonywa hewa kwa pampu ya fundi wa friji, barafu imeizunguka. Uzi ukalegea, ukarefuka, ukakataa kukatika. Wakajaribu tena na tena. Walipoweka vidude viwili vya moto, ukakatika. Halafu betri ikafura kama maandazi, maana ilikuwa ya aina laini, na mahali pasipo hewa hakuna cha kuibana. Wakatafuta ya kasha la chuma, ikawa nzito zaidi, na tukarudi palepale kwenye kukwangua.

Miaka mitatu ilienda hivyo, na ilimla mtoto wangu. Alikonda hadi shingo ikaonekana ndefu. Kijana aliyetaka kumwoa, Muigai, alingoja, akachoka, akaenda zake. Shangazi yake alipozikwa Nyawira alisahau siku. Sisi tuko kaburini tunaangalia barabara, yeye yuko hapa anajaribu uzi. Nikimwuliza umekula, ananijibu "mm". Nilikionea wivu kile kijisanduku. Nasema wazi: mwanamke wa miaka sitini na moja, nilikionea wivu kitu kinachoenea kikombeni.

Hatimaye kikawa tayari. Kilikuwa kimetikiswa kwenye mashine ya kutikisia, kimeokwa ndani ya ile sufuria ili kila kilichotaka kutoa mvuke kiutoe, na skrubu zimetiwa gundi ili mtu asiziguse tena. Kilibaki kupimwa uzito mara ya mwisho na kufungwa kwenye boksi lake. Hiyo ilikuwa kazi yangu, Jumatano saa kumi jioni, peke yangu.

Kanisani kwetu hakuna kitu kinachosafiri bila mafuta. Kalamu za mtihani wa kidato cha nne hupakwa. Funguo za gari jipya hupakwa. Pasipoti ya mtoto anayeenda kufanya kazi Qatar hupakwa, ukurasa hata ukaloa. Nilikuwa na kichupa changu mfukoni mwa aproni, mafuta ya zeituni ya supamaketi, pasta aliyaombea mwezi wa kwanza. Nikavua glavu ya mkono wa kulia. Nikatia kidole gumba mafuta, nikakiweka juu ya kijisanduku, kando ya kamera, nikaomba. Kisha nikapangusa kwa tishu, nikatazama chini ya taa, sikuona kitu. Mizani yetu ikasema mia mbili arobaini na nane, ileile ya asubuhi. Nikafunga boksi.

Utaniuliza: Madam Kataa mzima, hukuona kwamba hayo ni mafuta? Sikuyahesabu kuwa mafuta. Mafuta ni ya mashine, ni ya kupikia, ni ya nywele. Haya yalikuwa upako. Kichwani mwangu vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana, na kosa langu lilikaa hapo.

Alhamisi sikutulia tangu kuamka. Nilifagia mbele ya nyumba mara mbili. Nilichemsha chai nikaisahau. Nilijiambia ni wasiwasi wa kukabidhi, kwa sababu siku hiyo tulikuwa tunampelekea kijisanduku bwana mmoja aitwaye Mwau, mhandisi, ambaye angesafiri kesho yake kwenda kule kampuni iliko na alikuwa amekubali kukibeba mkononi. Tungekutana naye Kamakis, kule Ruiru, saa nane mchana, karibu na kwake. Tulienda na pikapu ya karakana, Mehak akiendesha, Nyawira katikati, mimi dirishani na boksi mapajani. Kutoka Thika hadi Ruiru nilibadilisha mkao sijui mara ngapi. Kidole gumba cha kulia nilikuwa nakisugua kwenye sketi, nakisugua tu.

"Mami, uko na nini?" Nyawira akauliza. "Hiyo boksi utaangusha."

"Sina kitu. Angalia mbele."

Mwau alikuwa ametuchagulia mahali pa nyama choma. Ndiyo, nyama choma, moshi kila upande na mbuzi akidondosha mafuta juu ya makaa. Nilimkemea hata kabla sijamsalimu sawasawa. Nikasema boksi litabaki garini, vioo vimefungwa, na mimi nitabaki nalo. Akacheka, mtu mpole mwenye kitambi, akasema ana fomu ya kujazwa na lazima msimamizi wa usafi awepo. Basi tukachukua meza ya mwisho kabisa, upande ambao moshi hauelekei, boksi likiwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni.

Nyawira aliisoma fomu kwa sauti, akiitia Kiswahili kwa ajili yangu. Kwanza uzito. Pili betri. Tatu skrubu.

"Nne. Hakuna mafuta ya aina yoyote, wala grisi, wala kitu cha majimaji kimegusa kifaa baada ya kuokwa. Mami, hii ni yako. Weka saini hapa."

Mafuta ya aina yoyote.

Nilishika kalamu. Niliona kidole changu mwenyewe juu ya ile alumini, kando ya kamera. Nilijua yote kwa mara moja, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikiwaeleza wageni pale koridoni kwa nini hawaingii: huko juu hakuna hewa, jua likipiga kitu kinapata joto, mafuta yanageuka mvuke, na mvuke unatafuta mahali baridi pa kutua. Mahali hapo ni kioo cha kamera. Wala si kamera yetu peke yake. Ndani ya lile bomba kungekuwa na vijisanduku vingine saba vya watoto wa watu, na wao pia wamekonda kwa ajili yavyo.

Nikatia saini.

Sijui niseme nini juu ya hilo. Miaka ishirini na saba sikuwahi kuliweka jina langu chini ya uongo, na siku hiyo niliweka, na mwandiko ukatoka mzuri kabisa.

Nyama ikaletwa. Mehak, asiyekula nyama, akachukua viazi na kachumbari. Na Nyawira alicheka. Ngai, Mungu wangu, alicheka! Alikuwa akimweleza Mwau jinsi uzi wa samaki ulivyowatesa, mikono ikicheza hewani, akamwiga fundi wa friji alivyoogopa sufuria italipuka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo pale pembeni na huonekana akicheka sana. Mimi nilirudisha kipande cha mbavu sahanini. Nikaenda kunawa mikono. Nikarudi, nikakaa, nikaenda kunawa tena. Mara ya tatu mhudumu akaniuliza kama ninatafuta choo.

Nilibishana na nafsi yangu pale kwenye sinki. Ni tone tu. Nimelipangusa. Hayo ni mafuta yaliyoombewa, Mungu hawezi kuyaacha yaharibu kitu. Halafu nikajiona nilivyo, nikitafuta njia ya kupitisha mkebe mchafu, na nikajichukia.

Nilipotoka, Mwau alikuwa ameshaaga. Boksi lilikuwa ndani ya begi lake, na yeye alikuwa akifungua mlango wa gari. Nilikimbia. Kwa magoti yangu haya, nilikimbia.

"Lete hiyo boksi."

"Mama?"

"Lete, nimesema!"

Akanipa, macho yamemtoka. Nyawira na Mehak wakaja mbio wakidhani nimeugua. Nikasema palepale, katikati ya magari, nikilikumbatia lile boksi.

"Jana niliipaka mafuta. Ya upako. Hapo kando ya kamera."

Mehak ndiye aliyepata sauti kwanza. "Anti, si uliniambia dini ibaki kwa mlango?" Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma.

Nyawira aligeuka. Alitembea hadi ukingoni mwa barabara, akasimama na mikono kiunoni, malori yakimpita. Kisha akarudi.

"Nimekusomea, na ukasaini."

"Nilisaini."

"Ungeniambia jana. Ama ungeniambia hapo kwa meza. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, Mami?"

Hilo lilikuwa na jibu refu, na sikuwa tayari kulitoa mbele ya Mwau.

Mwau mwenyewe alijikuna kichwa, akasema yeye ni mbebaji tu, hawezi kubeba kitu chenye fomu ya uongo. Lakini ndege yake ni kesho usiku, anatoka nyumbani saa kumi na mbili jioni, na kampuni ikikubali kwa maandishi atakibeba. Nyawira akapiga simu ng'ambo hapohapo, ameegemea pikapu. Mhandisi aliyepokea alikuwa mwanamke. Hakufoka, na heri angefoka. Aliuliza tu. Mafuta gani? Yamegusa wapi? Miligramu ngapi?

"Anataka namba," Nyawira akasema alipokata simu. Alikuwa akimwambia Mehak, si mimi. "Ikiwa chini ya kumi, tunasafisha juu na spiriti, tunaoka usiku wote, na watatuweka mwisho wa bomba, hizo zingine zikiwa zimetupa mgongo. Ikipita kumi, hatuendi. Na ile ya kupangusa na tishu hawahesabu, wanasema tishu inasambaza tu. Wanataka kujua ile kidole iliweka."

"Saa ngapi mwisho?"

"Saa mbili usiku."

Nani duniani anajua kidole cha mama huacha miligramu ngapi? Mehak ndiye aliyelitatua, tukiwa garini, tumeshafika Juja. Mizani yetu haioni kitu kidogo hivyo, alisema, lakini Lilavati wa duka la sonara mjini anapima dhahabu kwa miligramu. Tuazime mizani yake. Halafu Anti apake tena, vilevile, kwenye vipande vya foili. Kila kipande kipimwe kabla na baada. Mara kumi, tuchukue wastani.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa Makongeni, na mizani ya Lilavati. Mehak alibaki sebuleni na kompyuta, akiandika barua ya maelezo. Nyawira na mimi tukaingia chumba cha nyuma, yeye na glavu zake, mimi na mkono wa kulia mtupu. Alikata foili kwa mkasi, vipande sawasawa, akaviweka mstari. Akakiweka cha kwanza kwenye mizani, akaandika, akakisogeza mbele yangu kwa kibano.

"Fanya vile ulifanya jana."

Nikatia kidole mafuta, nikagusa foili, nikainua. Akapima.

"Tatu."

Nilitaka kuruka. Tatu! Zikitoka tatu mara zote kumi, tumepita bila shida. Lakini Nyawira hakuandika. Alinitazama juu ya barakoa, macho yale ya baba yake, yasiyodanganyika.

"Jana ulifanya haraka hivi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakukuwa na shahidi jana, na leo hakuna ambaye angenibishia.

"Hapana," nikasema. "Niliweka kidole nikaomba. Kilikaa hapo mpaka nikamaliza."

"Uliomba dakika ngapi?"

"Mtu haombi akiangalia saa."

"Basi omba tena. Vilevile."

Nikakiweka kidole, nikafumba macho, nikaomba kimoyomoyo. Akanizuia.

"Mami, hivyo sitajua. Kidole ikikaa zaidi ama ikikaa kidogo, namba inabadilika. Sema kwa sauti. Maneno yaleyale."

"Hayo yalikuwa yangu na Mungu."

"Uliyaweka juu ya setilaiti yangu."

Hapo alinikamata. Nilitazama mlango. Nilitazama ile nailoni ukutani niliyoibandika mwenyewe. Nikuambie mapema, mimi sipendi kuwatesa watu kwa kuwaficha: wastani ulitoka chini ya kumi, kampuni ikakubali, na Ijumaa Mwau alikibeba. Lakini mle ndani hatukujua, na wakati huo miligramu hazikuwa shida yangu kubwa. Ningemwomba Mungu anifanye bubu, lakini nilikuwa nimeshaomba vya kutosha wiki hiyo.

Nikatia kidole mafuta. Nikakiweka kwenye foili. Nikasema.

"Ngai Baba, pokea kitu hiki. Kipeleke mbali. Kiite ama kisiite, mimi sijali, hata kikifia huko juu ni sawa. Nirudishie tu mtoto wangu."

Nikainua kidole. Nyawira alibaki ameinama juu ya mizani muda mrefu, mrefu kuliko namba inavyohitaji kutulia.

"Tisa," akasema, akaandika.

Akaleta kipande cha pili.

Nilisema tena. Nane. Nikasema tena. Kumi na moja. Mara ya nne nilijaribu kulainisha mambo, nikasema kiite, Ngai, tafadhali kiite, kisikike hadi Ruiru. Akanikatiza bila kuinua kichwa.

"Si hivyo ulisema."

"Ndivyo ninavyotaka kusema sasa."

"Sasa haipimwi. Sema ya jana."

Nikasema ya jana. Tisa. Ukisema kitu kibaya mara moja unaweza kujidanganya kwamba hukukisema. Ukikisema mara tano, polepole, kwa sauti, mtu mwenyewe akiwa amekaa mbele yako na kalamu, hakuna pa kujificha. Kumi. Nane. Akanisogezea kiti, nikakaa. Mara ya saba ilikuwa kumi na mbili, na nikamwona akihesabu kichwani, midomo ikienda.

"Hata kikifia huko juu," akasema taratibu, kama anayesoma. "Miaka mitatu, Mami. Nilikuwa naamka hapa nakupata umeshapangusa meza. Nilidhani tuko pamoja."

"Tulikuwa pamoja. Nilikuwa napangusa ili nikuone ukiingia."

Alileta kipande cha nane. Tisa. Cha tisa. Tisa. Sebuleni Mehak alipaza sauti kwamba saa imefika moja na nusu. Nyawira akamjibu imebaki moja.

Ya kumi sikuimaliza. Nilifika kwenye kitu hiki na machozi yakaanguka juu ya foili, mawili, yakaungana na mafuta. Akakipima hata hivyo, mtu wa kazi ni mtu wa kazi, na mizani ikaruka hadi themanini na kitu. Akakichukua kwa kibano, akakitupa.

"Hiyo haihesabiki."

Nilifikiri ataita Mehak aje amalizie, au atasema tisa zinatosha. Badala yake alivuta kiti chake hadi magoti yetu yakagusana. Akachukua mkono wangu wa kulia, akalowesha kitambaa kwa spiriti, akanisafisha kidole kimoja kimoja, kati ya vidole, chini ya kucha, kama anavyosafisha kioo cha kamera. Akakata foili mpya. Akaipima. Akaiweka mbele yangu.

"Rudia," akasema. "Pole pole. Hakuna haraka."

Nikarudia. Kitu hiki, mbali, kiite ama kisiite, hata kikifia huko juu. Nilipofika kwenye mtoto wangu sauti ilikuwa imekwisha, nikayasema maneno kwa midomo tu. Nikainua kidole. Akakiweka kile kipande juu ya mizani, akangoja namba itulie.

"Tisa," akasema, akaandika. Halafu, bado ameinamia daftari, akasema, "Amina."